Mke Mwenza

Nilimweka mimi mwenyewe kwenye simu ya bibi,
wiki ya mnada wa tatu, hapa Kitangari,
nimechoka kuitwa kila saa: mume wangu, njoo unisomee,
mume wangu, imelia, nani huyo?
Nikabonyeza, nikangoja mtandao ujikokote,
akatokea binti wa kuchorwa, kitenge cha bluu,
meno yote thelathini na mbili,
akasema: Shikamoo bibi. Naitwa Subira.

Marahaba, akajibu. Kisha akanigeukia mimi:
Huyu mtoto wa nani?

Wa kampuni, bibi.

Akaisogeza simu usoni, akaifuta kwa pindo la kanga,
akamkagua kama mtu anayetenga korosho za daraja la kwanza.
Shavu halina chale hata moja. Mdomo hauna tundu la ndonya.
Hajachezwa huyu, akasema. Kakua tu, kama magugu.
Toka siku hiyo akamwita mke mwenza,
maana nyumba moja, mume mmoja,
na wote wawili tunakungoja wewe.

Tulicheka sana mwanzoni.
Subira alisema, weka kidole chako hapa.
Bibi akaweka.
Jaribu tena. Akaweka.
Jaribu tena.
Miaka arobaini ya kubangua: mafuta ya maganda
yamekula mistari yote ya vidole vyake,
vimebaki laini kama mpini wa jembe la zamani.
Kazi imenifuta, mke mwenza, bibi akamwambia,
tafuta njia nyingine ya kunijua.
Na yule binti, sikutegemea, akasema:
Hakuna shida, bibi. Tutumie namba ya siri.

Mimi ningekuwa nimeshamnyang'anya simu.
Ndivyo nilivyofanya siku zote,
lete, bibi, lete, utaiharibu,
vidole vyangu vikikimbia juu ya kioo
kama panya darini: unasikia, huoni.
Subira hakukimbia. Hakuguna. Hakutazama saa.
Mara ya kumi na moja alisema kama mara ya kwanza,
gusa pale pa kijani, panapofanana na jani.
Nani alimfunza adabu hiyo, mtu asiye na mama?

Basi jioni moja nakaza mnyororo wa pikipiki uani,
bibi anaosha ming'oko, simu kaiegemeza kwenye kinu,
nikasikia sauti safi, ya Kiswahili cha redioni:
Chama cha msingi kimekulipa. Kilo mia na themanini.
Baada ya makato, laki tano na elfu kumi na mbili.

Mimi nilimwambia laki tatu na nusu.

Ile nyingine ilikuwa tairi la nyuma,
na uraka, na deni la Mnalimi, na sijui nini tena.

Mikono ya bibi ikasimama ndani ya beseni.
Rudia, mke mwenza.
Subira akarudia. Hana haya, hana hasira,
hajui amemvua nani nguo.
Nikangoja jina langu, lile la cheti, siyo lile la utani.
Nikangoja laana, kikao, wajomba kutoka Mkunya.
Bibi akamwaga maji ya udongo, akachota mengine,
akaendelea kuosha.

Usiku nilimsikia chumbani wananong'ona.
Chagua tarakimu nne, bibi.
Usimwambie mtu yeyote, hata wa nyumbani.
Bibi akacheka, kicheko kirefu, cha wanawake peke yao:
Mwanangu, mambo ya kutosemwa
umekuja kunifundisha mimi?

Asubuhi akaniwekea uji. Mume wangu, kunywa.
Sukari ileile.
Simu ameifunga pindoni, upande wa moyo,
na kila inapolia nainua kichwa,
naacha spana chini, nangoja kuitwa.

Siitwi.